Uvimbe wa Shingo Unaojifanya Saratani ya Thairoidi: Mwongozo Kamili wa Kuitambua Sakoma ya Sinovia

Mtu akiota uvimbe mbele ya shingo, majirani huutaja ugonjwa kabla daktari hajamwona: rovu. Hospitalini jina hubadilika sura tu. Linakuwa goita, kisha kinundu cha thairoidi, na uvimbe ukiwa mgumu na wenye haraka ya kukua, saratani ya thairoidi. Mara nyingi sana hivyo ndivyo ilivyo. Mwongozo huu ni wa zile mara chache ambapo sivyo: ndani ya tezi, au ubavuni mwake, kumeota sakoma ya sinovia, saratani ya tishu laini isiyo na nasaba yoyote na thairoidi.

Nimewaandikia watu wawili. Wa kwanza ni daktari au tabibu aliye mbali na hospitali kubwa, ambaye huenda asikutane na ugonjwa huu hata mara moja katika maisha yake ya kazi. Wa pili ni ndugu wa mgonjwa, yule anayebeba bahasha ya majibu kutoka dirisha moja hadi jingine. Huyu wa pili asidharauliwe, kwa kuwa mara nyingi ndiye mtu pekee aliyeziona karatasi zote.

Ugonjwa wenyewe, na kwa nini jina lake lina uzito

Sinovia ni utando unaolainisha viungo kama goti. Sakoma hii ilipewa jina hilo kwa sababu huota zaidi karibu na viungo vikubwa, hasa goti, na chini ya hadubini ilionekana kufanana na utando huo. Leo inajulikana kwamba haitoki huko. Yaweza kuota mahali pasipo na kiungo chochote: mapafuni, nyuma ya koo, shingoni. Huwapata zaidi vijana na watu wazima walio chini ya miaka 40. Ile inayoanzia ndani ya tezi ya thairoidi ni adimu kiasi kwamba madaktari huiandikia ripoti mgonjwa mmoja mmoja.

Kiini chake ni kosa moja kwenye seli. Kipande cha kromosomu X na kipande cha kromosomu 18 hubadilishana mahali, na jeni iitwayo SS18 hujikuta imeungana na mojawapo ya jeni za SSX: SSX1, SSX2, au mara chache SSX4. Muungano huo ulitambuliwa mwaka 1994. Shikilia neno hilo la muungano, kwa maana safari yote inayofuata ni ya kuutafuta huo.

Kosa la jina hapa haliishii kwenye karatasi. Saratani za kawaida za thairoidi hufyonza iodini, ndiyo maana hutibiwa kwa iodini yenye mionzi. Sakoma haifyonzi. Mgonjwa atameza dozi, atengwe na watoto wake kwa siku kadhaa, na uvimbe usitikisike. Upasuaji nao haufanani. Daktari anayedhani anatoa saratani ya papila, ile ya thairoidi iliyo ya kawaida zaidi, anaweza kuukwangua uvimbe kutoka kwenye koo la hewa, ilhali sakoma hutakiwa itoke nzima, imezungukwa na nyama isiyo na ugonjwa kila upande ambako shingo inaruhusu.

Kosa la upande wa pili ni chungu zaidi. Kijana huambiwa ana saratani ya thairoidi ya anaplastiki, ambayo huhesabiwa kuwa hatua ya nne tangu siku ya kwanza, na familia hushauriwa imrudishe nyumbani. Sakoma ya sinovia ni ugonjwa mkali, sikatai, lakini ikikamatwa ingali ndogo na haijasambaa, hutibiwa kwa nia ya kuponya.

Hatua ya kwanza: kikombe cha maji, umri, na sauti

Anza na umri. Saratani ya anaplastiki ni ya wazee, wengi wao wamepita miaka 60. Tuseme mbele yako kuna kijana wa miaka 26 mwenye uvimbe wa sentimita sita. Umri huo peke yake hauthibitishi kitu, ila unatosha kukufanya uulize mara mbili.

Kisha mpe maji ya kunywa. Tezi ya thairoidi imeshikamana na koo la hewa, kwa hiyo kinundu chake hupanda mtu anapomeza. Uvimbe usiopanda una tafsiri mbili: haumo kwenye tezi, au umekwisha kuganda kwenye tishu za jirani. Unaopanda nao hauiondoi sakoma iliyoingia ndani ya tezi. Kipimo hiki hakina gharama, na hunishangaza ni mara ngapi hakiandikwi kwenye faili.

Uliza uvimbe ulianza lini. Usifarijike ukiambiwa ni wa miaka miwili na hauumi, kwani sakoma ya sinovia inaweza kukua polepole kwa muda mrefu bila maumivu. Uliza kuhusu sauti iliyokwaruza na chakula kinachokwama. Sauti ikiwa imebadilika, nyuzi za sauti zichunguzwe na daktari wa pua, masikio na koo kabla ya kisu chochote.

Mgonjwa anayekoroma akivuta pumzi ilhali yu macho, au asiyeweza kulala chali, asipangwe kwenye foleni ya vipimo. Apelekwe chumba cha dharura, njia ya hewa ilindwe kwanza. Jina la ugonjwa litasubiri.

Hatua ya pili: damu

Hapa tusikae sana. Kipimo cha TSH huonyesha kama tezi inafanya kazi sawasawa, hakisemi kama kuna saratani. Kwenye sakoma, kama ilivyo kwenye saratani nyingi za thairoidi, kawaida hurudi kikiwa sawa. Kinachofaa kuongezwa ni kalsitonini, homoni inayopanda kwenye saratani ya medula. Saratani ya medula ya thairoidi huweza kuwa na seli nyembamba ndefu kama za sakoma, na kalsitonini iliyopanda sana huielekeza kesi huko. Thairoglobulini ya damu, protini inayotengenezwa na thairoidi, haitakusaidia katika hatua hii. Fedha yake itunzwe, utaihitaji mbele.

Hatua ya tatu: picha

Ultrasaundi huja kwanza, na ndivyo inavyostahili. Mfumo wa TI-RADS uliotolewa na chuo cha radiolojia cha Marekani mwaka 2017 huvipa vinundu alama ili kujua kipi kichomwe sindano na kipi kiangaliwe tu. Lakini alama hizo zinaanza na dhana kwamba kinundu ni cha thairoidi. Sakoma iliyopachikwa ubavuni mwa tezi itapewa alama kubwa, TR5, na msomaji wa ripoti ataona neno moja tu: saratani.

Kwa hiyo muulize mtaalamu wa picha maswali ambayo fomu haina. Kitovu cha uvimbe kiko wapi, ndani ya tezi au nje? Kuna mstari mwembamba wa mafuta unaoutenganisha na tezi? Tezi yenyewe imesukumwa kando ikiwa nzima, au imeliwa? Tezi za limfu za shingo zimevimba? Saratani ya papila hupenda kwenda kwenye tezi za limfu mapema, ilhali sakoma ya sinovia husafiri zaidi kwa damu hadi mapafuni. Uvimbe mkubwa wenye tezi za limfu tulivu ni dokezo, ingawa dogo.

Uvimbe ukiwa mkubwa, CT au MRI ya shingo inahitajika. MRI huonyesha vizuri zaidi mipaka ya tishu laini, na ndani ya sakoma hii mara nyingi utaona mchanganyiko wa nyama ngumu, vifuko vya maji na damu iliyovuja. Mchanganyiko huohuo unaweza kudhaniwa kuwa rovu la zamani lililovuja damu ndani. CT nayo huonyesha chembe za chokaa kwenye takriban theluthi moja ya sakoma za sinovia, na chokaa ni alama ambayo wengi tumefundishwa kuihusisha na saratani ya thairoidi. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo, kila alama yake ina mwenyewe mwingine.

Jambo dogo la pembeni: dawa ya kuangazia mishipa inayodungwa wakati wa CT ina iodini, na ikija kubainika kuwa ni saratani ya thairoidi, tiba ya iodini itabidi isubiri wiki kadhaa. Baadhi ya madaktari huiahirisha CT kwa sababu hiyo. Kwenye uvimbe unaobana koo, sioni mantiki ya kuahirisha.

Hatua ya nne: sindano nyembamba, na mipaka yake

Sindano nyembamba hunyonya seli, si kinyama, yaani kipande kizima cha nyama ya uvimbe. Majibu yake huandikwa kwa mfumo wa Bethesda, wenye makundi sita na toleo la tatu la mwaka 2023. Kundi la kwanza ni sampuli isiyotosha, la pili si saratani, la sita ni saratani.

Mitego ipo miwili. Ili sampuli ihesabiwe kuwa inatosha, kwa kawaida hutakiwa mafungu sita ya seli za thairoidi, kila fungu seli kumi au zaidi. Sakoma haitoi seli za thairoidi, na msomaji mwenye haraka aweza kuitupa kwenye kundi la kwanza. Mfumo wenyewe haumruhusu: zikionekana seli zenye sura ya kutia shaka, sampuli haiwi isiyotosha hata seli za kawaida zikiwa chache. Mtego wa pili ni kundi la sita. Msomaji ameona seli mbaya, amesema kweli kwamba ni saratani, halafu kalamu imeongeza "ya thairoidi" kwa mazoea.

Ukiona kwenye ripoti maneno kama seli nyembamba ndefu, seli za umbo la pia, au saratani isiyojulikana chanzo, usirudie sindano ileile mara ya tatu. Nenda kwenye kinyama.

Hatua ya tano: kuchukua kinyama

Hapa ndipo kesi nyingi hupona au huharibika, na kwa kuwa maabara haina njia ya kurekebisha kilichoharibikia chumba cha upasuaji, nitachukua muda.

Kinachotakiwa ni sindano nene, ya namba 14 hadi 18, inayokata vipande vyembamba vya nyama, ikiongozwa na ultrasaundi. Vichukuliwe vipande kadhaa kutoka kwenye sehemu iliyo hai ya uvimbe, si kwenye kifuko cha maji wala katikati palipooza. Anayechoma azungumze kwanza na atakayepasua, kwa sababu njia ya sindano inafaa ipite mahali ambapo kisu kitapita baadaye na kuiondoa. Kupasua shingo wazi ili kuchukua kipande ni njia ya mwisho, kwani humwaga seli kwenye tishu safi na huvuruga mpaka ambao daktari wa upasuaji ataukosa siku ya kazi yenyewe. Kuitoa tezi nzima "ili tujue ni nini" ni kosa kubwa kuliko yote katika orodha hii.

Kinyama kikishatoka, kisibanwe kwa koleo, kisiachwe kwenye shashi kavu, kisitiwe kwenye maji ya bomba wala spiriti. Kiingie mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, ujazo wa fomalini ukiwa mara kumi ya ujazo wa kinyama. Chupa iandikwe jina, upande wa shingo, tarehe na saa. Saa ni muhimu kwa sababu kinyama hutakiwa kukaa humo kati ya saa 6 na 72. Kikikaa pungufu hakijaiva, na rangi za maabara hazitashika vizuri. Kikikaa wiki nzima kikisubiri basi la mkoani, jeni zitakuwa zimekatikakatika, na kipimo cha hatua ya saba kinaweza kushindwa kabisa.

Kisha fomu. Nyingi huja zimeandikwa maneno mawili: "uvimbe shingoni". Andika umri, muda, ukubwa, kama unapanda mtu anapomeza, picha zimeonyesha nini, na mwishoni sentensi moja: "Tunashuku sakoma au saratani isiyo ya thairoidi." Sentensi hiyo humfanya msomaji afungue droo nyingine ya kingamwili, zile rangi za maabara za hatua ijayo. Asipoiona, atafungua ile ya thairoidi na kuridhika nayo.

Hatua ya sita: rangi za maabara, na mtego wa keratini

Chini ya hadubini sakoma ya sinovia huja kwa sura mbili kuu. Moja ina seli nyembamba ndefu peke yake, zimesongamana kama samaki kwenye tenga. Nyingine ina mchanganyiko: hizo ndefu, pamoja na vifereji vinavyofanana na tezi. Ya pili ndiyo hudanganya zaidi, kwani anayeona vifereji ndani ya thairoidi hudhani ni thairoidi.

Maabara basi hutumia kingamwili zenye rangi, kila moja ikishika protini yake. Protini za thairoidi ni thairoglobulini, TTF-1 na PAX8. Kwenye saratani za papila na folikula, aina mbili za kawaida za thairoidi, huwaka. Kwenye sakoma ya sinovia hutarajiwa zisiwake, isipokuwa katika vipande vya tezi ya kawaida vilivyonaswa pembeni, navyo vimewahi kumpotosha msomaji asiyetazama ni seli zipi hasa zilizowaka. Lakini tahadhari: saratani ya anaplastiki nayo huweza kupoteza thairoglobulini na TTF-1. PAX8 hubaki katika nyingi zaidi, si zote. Kwa hiyo kutowaka kwa zote tatu kunafungua mlango tu, hakumalizi hoja.

Sasa keratini, protini ya seli zinazofunika ngozi na kuunda tezi. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba keratini ikiwaka ni saratani ya ngozi au tezi, isipowaka fikiria sakoma. Sakoma ya sinovia huivunja kanuni hiyo waziwazi. Huwasha keratini na EMA, protini nyingine ya seli za namna hiyo, mara nyingine kwenye seli chache zilizotawanyika, mara nyingine kwenye vifereji vyote. Ripoti inayosema "keratini chanya, TTF-1 hasi, kwa hiyo anaplastiki" imekwenda mbio hatua moja. Kwa kijana, ripoti ya namna hiyo irudishwe kwa heshima, na swali liwe: je, TLE1 na SS18-SSX zimefanyika?

TLE1 huwaka kwenye viini vya seli za sakoma ya sinovia mara nyingi, ila huwaka pia kwenye baadhi ya uvimbe wa neva. CD99 na BCL2 ni za kuunga mkono tu. Yenye nguvu ni kingamwili inayoshika muungano wenyewe wa SS18-SSX. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliikuta ikiwaka kwenye takriban sakoma 95 kati ya 100, na kukaa kimya kwenye uvimbe wa aina nyingine. Mahali ilipo, hupunguza safari ndefu.

Wapo waigizaji wengine wa kuwaondoa. Kalsitonini ikiwaka kwenye kinyama, ni medula. STAT6 huelekeza kwenye uvimbe uitwao kwa Kiingereza "solitary fibrous tumour". ERG na CD31 huelekeza kwenye sakoma ya mishipa ya damu, ambayo inajulikana sana katika nchi za milima ya Alpi, kwa watu waliokaa na rovu miaka mingi. Ipo pia sakoma ya Ewing ya aina inayowasha keratini na p40, nayo imekutwa kwenye thairoidi. Na upo uvimbe adimu wa watoto na vijana ulio na jina refu mno, hata wataalamu wameufupisha kuwa SETTLE: huota kwenye thairoidi au jirani yake, una seli ndefu, una vifereji, huwasha keratini. Kwa macho, huo na sakoma ya sinovia ni mapacha.

Hatua ya saba: jeni

Kinachowatenganisha mapacha hao ni muungano wa SS18. Kipimo kinachotumika zaidi huitwa FISH. Rangi mbili huwekwa kushoto na kulia kwa jeni ya SS18. Katika seli ya kawaida hukaa pamoja, na jeni ikiwa imevunjika hutengana, nawe huziona kwa macho yako chini ya hadubini ya mwanga maalumu. Njia nyingine ni PCR, yaani kunakili kipande cha jeni mara nyingi hadi kisomeke, au kusoma jeni nyingi kwa pamoja, ambayo hutaja hata kama ni SSX1 au SSX2. Matokeo hasi kutoka kwenye kinyama kilichokaa vibaya si hasi. Ripoti nzuri husema kama seli zilisomeka.

Hatua ya nane: bloku isafiri, mgonjwa abaki

Maabara isipokuwa na vipimo hivyo, hakuna haja ya mgonjwa kupanda ndege. Kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta, wenyewe tunakiita bloku, husafiri bila barafu. Omba kwa maandishi bloku pamoja na slaidi zake na nakala ya ripoti ya kwanza. Slaidi peke yake hazitoshi, kwa kuwa msomaji wa pili atahitaji kukata vipande vipya. Acha bloku moja nyuma kama zipo kadhaa, na wote wawili, anayetoa na anayepokea, watie saini.

Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto 56 hivi. Isiachwe kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, na hasa pwani sihitaji kueleza zaidi.

Hatua ya tisa: jina likishapatikana

CT ya kifua ifanyike kabla ya upasuaji, kwa sababu mapafu ndiko sakoma hii huenda kwanza. Kesi ijadiliwe mezani na daktari wa upasuaji wa kichwa na shingo, wa mionzi, wa dawa za saratani na wa patholojia kwa pamoja. Ukubwa huandikwa kwa sentimita, na kuvuka tano hubadilisha mpango. Kwa kawaida kiini cha tiba ni upasuaji mpana pamoja na mionzi. Wengine huongezewa tibakemikali ya doksorubisini na ifosfamidi.

Kwa ndugu walioko Marekani lipo la ziada. Agosti 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya huko iliidhinisha Tecelra, tiba ya seli kinga za mgonjwa mwenyewe zilizofundishwa upya, kwa watu wazima wenye sakoma ya sinovia iliyosambaa au isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji, waliokwisha kupata tibakemikali. Hutolewa tu kwa mwenye aina fulani za HLA-A*02, alama ya kurithi iliyo juu ya seli, na ambaye uvimbe wake una protini ya MAGE-A4, na MAGE-A4 hupimwa kwenye kinyama. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kuitunza bloku.

Sababu nyingine ni muda. Sakoma ya sinovia inaweza kurudi mapafuni hata baada ya miaka 10, wakati daktari wa kwanza amehama na faili halionekani. Ndugu mbeba bahasha apige picha kila ripoti kwa simu, na namba ya bloku aiandike mahali pawili.